Namwambia mume wangu zamu imechelewa, kumbe nalima kwenye simu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 33, ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja mkoani Morogoro. Nimeolewa, tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili. Mume wangu ni fundi umeme, mtu mtaratibu, halewi, na jioni anaonekana nyumbani. Naanza na hayo usije ukadhani naandika kumsema.

Tatizo langu ni gemu. Najua utacheka. Linaitwa Stardew Valley, ni gemu la kulima. Unarithi shamba la babu lililojaa mawe na magugu, unapewa mbegu 15 za parsinipu, zao linalofanana na karoti nyeupe, basi unaanza. Unalima, unamwagilia, unavua samaki, unafuga kuku, unajuana na watu wa kijijini. Ukitaka unaingia mgodini kupigana na madudu, usipotaka unaendelea na parsinipu zako, hakuna wa kukulazimisha. Nilioneshwa na mwenzangu wa zamu miaka kadhaa iliyopita, akaninunulia kwenye simu iwe zawadi yangu ya siku ya kuzaliwa. Yeye lilimchosha mapema. Mimi mpaka leo ninalo.

Na wala silimalizi, ndicho kinachonishangaza mwenyewe. Nikifika mwaka wa pili, shamba limependeza, nina ng'ombe, mabomba yanamwagilia yenyewe, naliacha naanza jipya. Narudi kwenye mawe, magugu na mbegu zilezile 15. Najua siku ya tatu itanyesha mvua, maana hunyesha kila ninapoanza. Najua tarehe 13 ni sherehe ya mayai na hapo ndipo zinauzwa mbegu za stroberi. Najua duka la Pierre halifunguliwi Jumatano, na bado kuna Jumatano najikuta nimesimama mlangoni kwake. Mdogo wangu aliniwekea magemu mengine, mapya na mazuri, nikayajaribu kidogo nikayafuta.

Baba watoto alianza kwa utani. "Baba yako anahangaika na kwelea kwelea Ifakara, wewe unamwagilia simu." Ni kweli, baba yangu analima mpunga Ifakara na mimi nimekulia kwenye majaruba, nimefukuza ndege mpaka sauti ikakauka. Siku nyingine aliniona nampelekea kahawa daktari wa kijiji cha kwenye gemu, maana yule daktari anaipenda sana kahawa, akauliza, "Huyu nani tena?" Tukacheka wote.

Siku hizi hacheki. Anasema nikitoka kazini nakuwa nyumbani lakini sipo. Anasema mtu mzima hawezi kurudia mchezo mmoja miaka na miaka kama kichwa chake kiko sawa. Wifi yangu, ambaye tunaishi naye, ndiye mwenye maneno zaidi: ati huo ni utoto, ati kuna kijana wa ukoo wao alianza hivihivi na simu akaishia kuuza godoro. Ananishauri nifute kabla sijaharibikiwa.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Miezi michache iliyopita tulipata wiki mbaya wodini. Sitaki kueleza sana. Kuna mtoto nilimhudumia tangu siku aliyolazwa, tukawa tunaona anapata nafuu, usiku akabadilika. Asubuhi nilikabidhi zamu, nikampigia baba watoto nikamwambia kuna kikao, nitachelewa. Hakukuwa na kikao. Nilikaa nyuma ya kantini, nikafungua shamba, nikamwagilia. Saa nzima. Kisha nikaenda nyumbani nikiwa sawa kabisa, nikapika, nikalala. Tangu siku ile nimefanya hivyo tena na tena, hata siku ambazo wodini hakukuwa na kitu.

Shangazi, mimi ni mgonjwa? Mbona ni mchezo huu mmoja tu? Na je, niufute?

Muuguzi, Morogoro


Marahaba, mwanangu. Pole na kazi, na pole na yule mtoto.

Nimecheka kwenye kahawa ya daktari tu, kwingine sijacheka. Tuanze na hofu ya ugonjwa, kwa sababu naona ndiyo inayokunyima raha, na wewe ni mtu wa hospitali, utataka vigezo na wala si maneno ya kupoza.

Vigezo vipo. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji gemu katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Wanaangalia mambo matatu: mtu ameshindwa kujizuia; gemu limepewa nafasi mbele ya mambo mengine yote ya maisha; na anaendelea hata akiona madhara. Tena madhara yenyewe yawe makubwa, familia, kazi au masomo yameyumba waziwazi, na kwa kawaida hali iwe imedumu kama miezi 12. Sasa jipime. Zamu unaingia kwa wakati. Watoto wanakula, wanakwenda shule. Magemu mengine uliyafuta bila kutetemeka. Mshahara hauendi huko, kwa sababu gemu hilo linanunuliwa mara moja, halina matangazo wala halikudai hela katikati ya mchezo. Ungeniandikia kwamba unabeti, au unacheza yale magemu yanayokupa maisha matano, yakiisha usubiri nusu saa au ulipie, ningekujibu kwa sauti nyingine kabisa. Kwa uliyoniandikia, mimi sioni ugonjwa. Naona kitu kingine, nitakifikia.

Kabla ya hapo, hili la kurudia. Mume wako anasema mtu mzima harudii mchezo mmoja. Hebu siku moja apite barazani kwa wazee wanaocheza bao. Mashimo ni yaleyale 32, kete ni zilezile 64, wapinzani ni walewale tangu wakiwa vijana, na hakuna aliyewahi kuwaambia wazee wale wamechanganyikiwa. Na yeye mwenyewe, kama ni mwanaume wa rika lako aliyekulia mjini, siamini kwamba hakupita kwenye kibanda cha gemu. Muulize. Nina wapwa wenye ndevu na watoto ambao mpaka leo wametunza PlayStation 2 kwa ajili ya PES 6, gemu la mpira la mwaka 2006. Konami, watengenezaji wake, wamebadilisha mchezo huo hadi jina, tangu 2021 unaitwa eFootball, lakini hawa bado wanaanza Master League, ligi ya humo ndani, na kikosi kilekile cha watu wasiokuwepo duniani, Castolo mbele, Minanda kiungo, Ivarov golini. Ukiwauliza Castolo ni raia wa wapi hawajui, ila wanamsikitikia akikosa goli. Wengine ni GTA San Andreas ya 2004, gemu la wahuni wa mjini: mtu anaingiza zile siri za vitufe (cheats) za kuongeza pesa na silaha, mji mzima uko mikononi mwake, halafu anapanda baiskeli anazunguka mitaa ya Los Santos bila kazi yoyote. Anachotaka ni kupita pale tu. Nami nisijifanye mtakatifu, nina simu yangu ya Nokia ya vitufe kwenye droo na yule nyoka wake, na foleni ya benki hainisumbui.

Kwa hiyo hauko peke yako, wala gemu lako halichezwi na watu wachache. Lilitengenezwa na kijana mmoja tu wa Marekani, Eric Barone, aliyekaa nalo zaidi ya miaka minne, akichora mwenyewe, akitunga muziki mwenyewe, jioni akifanya kibarua cha kuwaonyesha watu viti ukumbini. Alilitoa Februari 2016, likaingia kwenye simu za Android mwaka 2019, na kufikia mwisho wa 2024 nakala zaidi ya milioni 41 zilikuwa zimeuzwa. Yeye naye alikuwa mpenzi wa magemu mengine ya kulima, ya mfululizo wa Harvest Moon. Na Harvest Moon wa kwanza, wa mwaka 1996, ulitungwa na Mjapani, Yasuhiro Wada, aliyekulia mashambani kisiwa cha Kyushu, akaenda kufanya kazi Tokyo, akapakumbuka kwao. Mtoto wa shamba aliyehamia mjini, akakumbuka shamba, akatengeneza gemu. Baba watoto akirudia ule utani wa kwelea kwelea, msimulie hiyo.

Ila utani wake una ukweli ndani, na mimi nadhani ndio unaoeleza kwa nini ni mchezo huu na si mwingine. Wewe unakijua kilimo cha kweli. Unajua mvua inavyochelewa watu wakatazamana, unajua ndege wanavyoshuka jarubani asubuhi, unajua mpunga ukifurika. Sasa angalia hilo shamba lako la kwenye simu. Mvua ya siku ya tatu lazima inyeshe. Msimu una siku 28 kamili. Na kuna jambo dogo ambalo nina hakika umeshaliona, hata kama hujawahi kulitamka: huko mche usipoumwagilia, haufi. Unasimama palepale ulipofikia, unakungoja. Ukirudi kesho ukaumwagilia, unaendelea kukua kama vile hujakosea. Mazao yanakufa msimu ukigeuka, na tarehe ya kugeuka iko kwenye kalenda, unaiona mwezi mzima.

Wewe kazini kwako uko mahali ambapo dozi ina saa yake, dripu ina kasi yake, ukisahau unaulizwa. Na unaweza kufanya kila kitu kwa usahihi, kila saa, na usiku bado mtoto akabadilika. Halafu unatoka pale unaingia mahali ambapo ukifanya linalotakiwa linatokea linalotakiwa, na usipofanya hakuna anayekufa. Hata mimi ningerudi huko.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la kuacha shamba mwaka wa pili. Umeniandikia mwenyewe: mabomba yanamwagilia yenyewe. Shamba likishajiendesha halina haja na mikono yako. Wale wa mwanzo, wenye ndoo ya kumwagilia na jembe butu, nguvu zinaisha saa sita mchana, ndio wanaoona kipande walichosafisha leo ambacho jana kilikuwa mawe. Nadhani unachokifuata ni hicho kipande. Anayekuambia umalize mchezo hajaelewa kwamba mwisho wake kwako hauna kazi. Kwa hiyo hapo usijilazimishe. Anza upya hata mara mia.

Kuna utafiti mmoja ningependa uujue kwa sababu ya kazi yako. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford, akiwemo Emily Holmes, waliwaonyesha watu filamu yenye matukio ya kutisha, kisha wengine wakacheza Tetris, gemu la kupanga vipande vinavyoshuka, na wengine wakakaa bila kufanya kitu. Waliocheza Tetris hawakusumbuliwa sana kama wenzao na zile picha kujirudia kichwani katika siku zilizofuata. Maelezo yao ni kwamba kupanga vile vipande kunatumia ileile sehemu ya akili inayotaka kuzichora upya picha mbaya. Hiyo ilikuwa Tetris, na ilikuwa filamu. Usiichukue ukaibandika kwenye wodi yako kama dawa. Lakini ile asubuhi nyuma ya kantini, macho na vidole vyako vilipotafuta kitu cha kushika, havikutafuta upuuzi.

Wengine hapo hapo Oxford waliangalia saa za kucheza zenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walipewa na kampuni za magemu takwimu halisi za muda watu waliocheza, mojawapo ikiwa Animal Crossing, ambayo ni ndugu wa hilo lako, wakaona waliocheza zaidi walikuwa na hali njema kidogo zaidi. Kabla wapenzi wa gemu hawajashangilia, mwaka 2022 wakarudi na wachezaji karibu 39,000 wa magemu saba, na safari hii saa zenyewe, ziwe nyingi au chache, zilionekana hazibadilishi hali ya mtu kwa kiasi cha kutajwa. Kilichokwenda pamoja na hali ya mtu ni kwa nini anacheza: yule anayecheza kwa sababu anapenda alikuwa afadhali kuliko yule anayehisi hana budi.

Na hapo ndipo nataka tuvute kiti, mwanangu, kwa sababu umeandika sentensi moja mwishoni kabisa mwa barua, kwa haraka, kama mtu anayepita mlangoni mwa anayemdai: "hata siku ambazo wodini hakukuwa na kitu."

Ile asubuhi ya kwanza nakuelewa. Hukuwa na nguvu ya kufika nyumbani na uso ule. Uongo wako ulikuwa wa mtu aliyeumia. Lakini zilizofuata hukuumia, na bado ukasema kuna kikao. Gemu lenyewe sina ugomvi nalo. Kikao ambacho hakipo, hicho kina ubaya. Fikiria kitakavyoisha: siku moja baba watoto atakutana na mwenzako wa zamu sokoni, au atapiga simu wodini mtoto akiwa na homa, aambiwe sista ameshaondoka tangu saa mbili. Kwa jinsi mlivyokaa sasa, akisikia kwamba mke wake ana saa moja kila wiki ambayo haijulikani anakuwa wapi, unadhani atafikiria parsinipu? Atafikiria mwanaume. Na ukimwambia ukweli siku hiyo, kwamba ulikuwa nyuma ya kantini unamwagilia, nani atakuamini? Hata mimi ningeomba ushahidi.

Kwa hiyo la kwanza kufanya, na lifanye wiki hii, ni kumwambia. Usingoje akukamate. Usimwambie usiku akiwa amechoka, wala mbele ya wifi. Mpe chai, anza na yule mtoto wa wodini, maana kwa barua yako naona hata hiyo hajui. Sema hivi kwa maneno yako: "Kuna siku nilikuambia kuna kikao. Hakikuwepo. Kuna mtoto alifariki mikononi mwangu, nikashindwa kuja nyumbani moja kwa moja, nikakaa kantini nikacheza gemu. Na nimerudia. Sitarudia kukuambia uongo, ila nahitaji muda kidogo kati ya kazi na nyumbani." Halafu nyamaza. Atakasirika kwa ule uongo, na ana haki. Usimkatize kwa kumweleza uzuri wa gemu.

Akishatulia, omba hiyo saa waziwazi. Wanaume wana njia zao za kupumua katikati ya kazi na nyumbani: kijiwe, kahawa, banda la mpira. Hakuna anayewauliza, kwa sababu inaonekana. Yako haionekani, uko kitandani na simu usoni, na mtu anayekaa pembeni yako haoni shamba, anaona mgongo wako. Aliposema uko nyumbani lakini hupo, mimi nilimsikia akilalamikia huo mgongo kuliko gemu. Basi saa yako iwe na mahali pake na mwisho wake. Kama ni kantini, iwe kantini, na yeye ajue: "Natoka, nakaa kidogo, saa tatu na nusu niko nyumbani." Ukivuka mlango wa nyumbani, simu inakwenda kabatini mpaka umewaona watu.

Kuhusu kuacha kwa wakati, nakupa ujanja mmoja, kwa sababu gemu hilo lina mtego na mtego wake ni mtamu. Siku moja ya huko ni kama dakika 14 za huku. Mchezo unajihifadhi pale unapolala, na papo hapo inafika asubuhi, kuku wanatoka, parsinipu zimeiva, ndipo mtu anasema, "Siku moja tu, niangalie." Ile "siku moja tu" ndiyo inayokula usingizi wa watu. Kwa hiyo hesabu siku badala ya kutazama saa. Amua kabla hujafungua: leo nalima siku tatu. Ya tatu ikiisha, ukishalala huko, zima kwenye ile asubuhi mpya kabla hujatoka mlangoni. Usiende kuangalia kilichoiva. Kitakuwepo, kwani si tumekubaliana huko hakuna kinachokufa kwa kungoja?

Na ukitoka zamu ya usiku, usicheze kitandani. Wewe unalijua hili kuliko mimi, unawaambia wagonjwa. Usingizi wa mchana ni mwepesi wenyewe, na mwanga wa simu usoni hauusaidii.

Siku moja, akiwa vizuri, mwonyeshe. Sisemi umfundishe, wanaume wengi ukianza kuwafundisha gemu wanajifanya wana simu ya kupiga. Mwambie akae dakika 14, siku moja ya shamba, wewe ndiye unayecheza. Mwonyeshe hiyo mvua ya siku ya tatu. Kama ni fundi umeme, subiri ufike kwenye mashine za kumwagilia, umuulize yeye angezipanga vipi ziguse kila mche bila kupoteza nafasi. Nakuhakikishia hatajali parsinipu, atajali mpangilio. Nawe muulize ya kwake, pale kibandani enzi hizo alikuwa akichukua timu gani. Wanaume hufunguka kwenye hilo swali kuliko ukiwauliza wanajisikiaje.

Jambo la wodini usiliachie gemu peke yake. Linakupa saa moja ya kupumua, haliwezi kukusikiliza. Yule mwenzako aliyekununulia zawadi, yeye alikuwepo wiki ile? Mtafute mzungumze, ninyi wawili mnaojua usiku ule ulikuwaje. Mweleze msimamizi wa wodi kwamba wiki ile haijaisha kwako. Na ukiona huo uso wa mtoto unakujia hata siku za mapumziko, usingizi unakatika, au unaanza kuogopa kitanda kile, nenda kwa wenzako wa afya ya akili kama ambavyo ungempeleka mama wa mgonjwa. Wauguzi mna tabia ya kuandikia wengine rufaa na kujisahau.

Na utaniambia alama ya kurudi kwangu ni ipi. Ni hii: ukishakubaliana na mumeo saa yako, na anaijua, na bado ukajikuta unatafuta saa nyingine ya kuificha, niandikie tena siku hiyohiyo. Hapo tutakuwa tunazungumza jambo jingine.

Sasa kufuta. Usifute. Ukifuta kwa kuogopa maneno, uchovu wako utatafuta pengine pa kukaa, na pengine pasiwe na mbegu 15 na mvua ya uhakika.

Umebaki wifi. Huyo aliyeuza godoro, ninavyowajua wanaouza magodoro, simu ilikuwa ni kisingizio, ila hayo ni ya ukoo wao na mimi simo. Usibishane naye na usimweleze habari ya kantini, hiyo ni ya chumbani kwenu. Akirudia kwamba unacheza mchezo wa watoto, mwitikie tu, "Ndiyo wifi, nalima kidogo," umpokee ndoo ya maji aliyoshika, mwendelee na kazi. Hana pa kuendelea nalo.